Asante ya Bi Pasi

Kiatu cha kwanza kilifika asubuhi, Bi Pasi akiwa bado ameketi ukingoni mwa kitanda, akilibembeleza goti lake la kulia liamke. Kilikuwa kiatu chekundu cha kike, kisigino kifupi. Mbwa alikuwa amekishika mdomoni kwa upole, kama mtu aliyebebeshwa yai. Akakiweka juu ya miguu ya bibi, akakaa kitako, akatingisha mkia mpaka kigoda kikapinduka.

"Asante," akasema Bi Pasi, akamkatia kipande cha mkate.

Msiba ulianzia hapo. Bi Pasi alilelewa kwamba ukipewa kitu, hata kama ni jani kavu, unasema asante, na watoto wake wote wawili waliwahi kulala wamenuna kwa sababu ya neno hilo. Lilikuwa linamtoka lenyewe, kama chafya. Mbwa naye akaelewa kwa akili zake za kimbwa: katika nyumba hii, kiatu ni mkate.

Siku ya kwanza alidhani kiatu ni cha binti yake. Siku ya pili kilipokuja cha kiume, namba arobaini na nne, akajua mambo yameharibika. Katika jengo lile watu walivua viatu nje ya milango yao, na komeo la mlango wa Bi Pasi lilikuwa bovu. Mbwa alishajifunza kulisukuma kwa pua. Bi Pasi akashuka ngazi mguu mmoja mmoja, akabisha hodi, akaomba radhi, akarudisha. Kesho yake kikaja kingine.

"As—" akaanza, akajiziba mdomo kwa kiganja. Lakini mbwa alikuwa amekwisha kusikia nusu, na kwake nusu ilitosha. Akalamba midomo akingojea mkate. Utamnyimaje kiumbe aliyekuletea kitu kwa adabu namna ile?

Jina la Bi Pasi lilitoka kazini. Miaka thelathini na moja alisimama katika chumba cha dobi cha hospitali, akinyoosha mashuka, na shuka alilolikunja yeye lilikuwa na kona kali kama kitabu kipya. Alipostaafu, binti yake, nesi katika hospitali hiyo hiyo, alimleta akae naye ghorofa ya tatu. "Mama, umefanya kazi inatosha," akamwambia. "Sasa kaa."

Bi Pasi akakaa. Akakaa siku nne. Siku ya tano binti alirudi akakuta mama yake amepiga pasi mataulo, soksi, mapazia, na gazeti la juzi.

"Mama! Gazeti?"

"Lilikuwa na makunyanzi."

Binti akaichukua pasi, akaifungia kabatini, akauweka ufunguo mfukoni mwa sare yake. Alifanya hivyo kwa huruma, na huruma ya mtoto ni ngumu kuipinga kuliko ukali wake. Bi Pasi akabaki anatazama ukuta, ukuta nao ukimtazama.

Kisha akaja mbwa. Aliletwa na kitinda mimba wake, fundi umeme, aliyepata kazi ng'ambo. "Wiki mbili tu, mama, nitafute mtu wa kumchukua." Wiki mbili zikazaa miezi minane. Mbwa alikuwa mkubwa, rangi ya majani makavu, masikio ya kulala, na macho ya mtu anayetaka kukuuliza swali moja la mwisho. Kijana alikuwa amempa jina Posta, kwa sababu hakuna kitu alichokiona asikilete: soksi, kijiko, sabuni, kitasa cha mlango wa jikoni, ambacho mpaka leo hakuna ajuaye alikitoaje.

Bi Pasi akampeleka kwa daktari wa mifugo, akidhani ni ugonjwa.

"Mzima kabisa, bibi," daktari akasema, akimpapasa kifua. "Huyu ni ritriva. Wazee wake walikwenda na wawindaji. Ndege akianguka majini au kichakani, wao walimfuata, wakamleta bila kumtoboa ngozi. Kazi iko damuni. Atembezwe asubuhi na jioni, atembezwe hasa, si kuzunguka nyumba. Apigwe brashi kila siku. Akitoka majini mkaushe masikio. Na umpe cha kufanya. Huyu usipomchosha, atakuchosha wewe."

Bi Pasi alirudi nyumbani akitembea polepole, akilifikiria gazeti lile alilolipiga pasi. Akamtazama mbwa, mbwa akamtazama. "Kumbe tuko wawili," akamwambia.

Tangu siku hiyo wakatembea. Asubuhi kabla jua halijashika kasi, na jioni likipoa, goti likilalamika na bibi akiliambia lisubiri zamu yake. Manyoya aliyoyatoa kwa brashi yangejaza mto, na kweli alijaza mto. Lakini viatu vilikuwa jambo jingine. Kufika Ijumaa, tangu kile chekundu, vilikuwa vimefika kumi na kimoja, vyote vya mguu mmoja mmoja, na Ijumaa hiyo hiyo kukabandikwa karatasi chini ya ngazi.

Bi Pasi alikuwa ameishia darasa la nne, kwa hiyo aliisoma kwa kidole. Mnyama anayesumbua wapangaji ataondolewa kwa kura. Mkutano baada ya wiki mbili, Jumapili, saa nne asubuhi, uani. Chini kulikuwa na sahihi ya Mwenyekiti.

Mwenyekiti wa wapangaji alikaa ghorofa ya pili. Mtu mrefu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, mkoba wa ngozi mkononi. Kila asubuhi saa moja na nusu alifunga mlango wake, akaenda ofisini. Saa kumi na moja jioni alirudi. Alipenda karatasi. Alikuwa amebandika ya takataka, ya kelele, na miezi saba iliyopita ile ya kukataza watu kupanda paani, kwa usalama wao. Tangu hapo jengo zima lilianika nguo madirishani.

Jioni binti alirudi na mgeni. Alikuwa mwenye ghala la saruji, mtu mpana, anayenusa vitu kabla ya kuvinunua. Akamzunguka Posta mara mbili.

"Kifua kizuri," akasema. "Nitamfunga langoni."

"Utamfunga saa ngapi?" Bi Pasi akauliza.

"Saa zote, mama. Mlinzi ni mlinzi."

"Na kutembea atatembea lini?"

Yule bwana akacheka. "Atembee aende wapi?"

Posta, asiyejua anajadiliwa, alikuwa amemletea kofia yake iliyokuwa mezani. Mwenye ghala aliipokea, akaifuta kwa kiwiko, hakusema kitu. Bi Pasi aliliona hilo. Mtu asiyesema asante, akawaza, hawezi kupewa mbwa huyu.

Mgeni alipoondoka, mama na mwana wakabaki na chai iliyopoa.

"Mama, elewa. Wakipiga kura wakamtoa, watamtupa barabarani. Mimi nimemtafutia pa kwenda. Jumapili baada ya mkutano bwana yule atamchukua."

"Mkutano bado, wewe umeshamfungasha virago."

"Una miaka sabini na moja. Goti lako nalijua, nimeona picha zake. Unapanda na kushuka ngazi kwa ajili ya viatu vya watu!"

"Goti ni langu."

"Mama, nataka upumzike tu."

"Kupumzika ni kwa aliyechoka," akasema Bi Pasi. "Wewe ulinifungia pasi kwa huruma, yule atamfunga huyu kwa mnyororo. Kufungwa ni kufungwa, mwanangu. Mbwa haendi."

Binti akakusanya vikombe. Alimjua mama yake: sauti ikishuka hivyo, hata daktari mkuu wa hospitali alikuwa akisubiri shuka lake kwenye foleni.

Basi Bi Pasi akafikiri jinsi afikirivyo mtu wa pasi. Kunyanzi huliondoi kwa kuligombeza shuka. Unalilowesha, unalinyoosha kule lilikotoka, unarudia. Mbwa alikuwa amefundishwa kuleta. Na mwalimu, wala tusizunguke, alikuwa yeye. Kumwambia aache kubeba ni sawa na kuliambia jua liache kutoka. Lakini abebe kwenda wapi? Hapo ndipo penye njia.

Jumamosi akaanza. Akaazima viatu kwa majirani waliomhurumia, akaketi kwenye ngazi na kikapu. Alimnusisha Posta kiatu, akasema "Rudisha," akaongozana naye mpaka mlangoni pa mwenyewe. Pale mbwa alipokitua kiatu, ndipo aliposema, "Asante," na mkate ukatoka. Kiatu kikiletwa kwake, alibana midomo mpaka ikawa mistari, akatazama dari. Hilo la kubana midomo ndilo lililomshinda. Siku mbili za kwanza asante ilimponyoka mara tisa.

Fundi bomba wa ghorofa ya kwanza, mwenye mdomo mpana kuliko mabomba yake, alikuwa akipita na wenzake wakicheka.

"Bi Pasi! Umefungua shule?"

"Nimefungua. Wewe ulifeli, lakini nafasi yako bado ipo."

"Na ada?"

"Ada ni kujua kiatu chako kiko wapi. Chako kina tundu kidoleni. Mbwa alikibeba amefumba macho."

Wakacheka wote, na fundi naye akacheka, lakini akasema kwa mzaha wenye mwiba, "Jumapili nitanyoosha mkono, bibi. Nimechoka kwenda kazini na ndala na buti."

"Nyoosha. Mkono ni wako."

Wiki ya kwanza ikaisha. Goti lilivimba, akalifunga kitambaa, akaendelea. Mbwa alianza kuachwa aende peke yake ghorofa moja, kisha mbili. Wiki ya pili, Jumatano, alirudisha viatu sita bila kukosea. Viatu vilivyokuja kitandani vikapungua: kimoja Jumatatu, hakuna Jumanne, hakuna Jumatano. Alhamisi, binti akiwa zamu ya mchana, kikaja kimoja, cheusi, cha kiume, kimepakwa dawa mpaka unajiona uso. Cha Mwenyekiti.

"Yarabi, kati ya viatu vyote!" Bi Pasi akasema. Akabana midomo. "Rudisha."

Posta akakichukua, akatoka. Bi Pasi akasimama mlangoni kumsikiliza akishuka. Hakushuka. Makucha yake yalisikika yakipanda, tik, tik, tik, juu na juu zaidi.

"Wewe! Chini! Ghorofa ya pili ni chini!"

Akamfuata, huku akishika ukuta. Mlango wa paa, wenye karatasi ya marufuku, ulikuwa wazi kidogo. Akausukuma. Kulikuwa na matangi ya maji, kamba tupu za nguo, na kibanda cha kuwekea ndoo. Mkia wa mbwa ulikuwa ukitingishika mlangoni mwa kibanda.

Ndani, juu ya ndoo iliyopinduliwa, alikuwa ameketi Mwenyekiti. Shati limefungwa mpaka shingoni. Mkoba magotini, na juu ya mkoba nusu ya mkate na yai la kuchemsha. Miguuni alikuwa na viatu vya kahawia. Kiatu cheusi kilikuwa kimelazwa mbele yake kwa heshima zote.

Kosa halikuwa la mbwa. Kiatu alikirudisha kwa mwenyewe, si kwa mlango.

Maji yalidondoka mahali fulani.

"Umekuja kunipeleleza," Mwenyekiti akasema mwishowe.

"Nimekuja kurudisha kiatu." Bi Pasi akaitazama ndoo, akautazama mto mdogo alioukalia ili asiumie. "Ofisini hujaenda leo?"

Akatabasamu vibaya. "Ofisi ilinitoa miezi saba iliyopita, mama. Walileta mashine. Barua moja, mistari minne. Miaka ishirini na sita." Akalizungusha yai juu ya mkoba. "Mke wangu hajui. Nikikaa nyumbani mchana atajua."

Bi Pasi akaona maana ya ile karatasi ya paa. Akaona pia mikono ya yule bwana: alikuwa amezipanga ndoo za kibanda kwa ukubwa, kubwa mpaka ndogo, vishikio vyote vikielekea upande mmoja. Gazeti lililopigwa pasi ni hilo hilo, akawaza, ila la mtu mwingine.

"Sikiliza, mama," Mwenyekiti akasema haraka. "Ile ajenda ya Jumapili naweza kuifuta. Nikiitoa karatasi leo, hakuna atakayeuliza. Wewe umeona kitu, na mimi sijaona viatu. Tumeelewana?"

Ilikuwa rahisi hivyo. Neno moja, na Posta analala chini ya kitanda chake mpaka uzee. Bi Pasi aliliona neno lile likining'inia pale kama nguo kwenye kamba, la kunyoosha mkono tu. Goti lake lilimwambia: sema ndiyo, tukalale.

"Hapana," akasema.

"Hapana?"

"Siri yako sitaitoa. Hiyo ni yako, nimeikuta tu njiani. Lakini sitaishikilia kama kipande cha mkate, wewe ukinipa nami nikupe. Nikishinda kwa siri yako, nitakuwa nimeiba kiatu mimi mwenyewe, na mimi wa kunirudisha hayupo. Jumapili weka ajenda yako. Mbwa wangu nitamsemea mchana, mbele za watu."

"Na ukishindwa?"

"Nikishindwa nitakataa."

Akageuka. Mlangoni akasimama. "Na yai hilo utie chumvi. Mtu hawezi kukaa juu ya ndoo miezi saba na tena akala yai bila chumvi."

Jumapili saa nne uani palijaa. Kaya kumi na tisa, kila kaya kura moja, na kura ya Mwenyekiti ni ya mwisho, ya kuvunja sare. Mwenye ghala alikuja mapema, akakaa benchi la mbele. Miguuni pake kulikuwa na mnyororo mpya, bado una karatasi ya dukani.

Wakasema waliotaka kusema. Mama wa kiatu chekundu alisema alikwenda harusini na malapa. Fundi bomba akaeleza ya ndala na buti, akatembea kuonyesha, uani kukawa kicheko. Kisha Bi Pasi akasimama. Posta akasimama naye.

"Viatu viliibwa," akasema. "Sikatai. Mwizi alifundishwa, na mwalimu ni mimi. Kila aliponiletea nilimwambia asante, kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, na yeye akadhani anatumwa. Kosa langu, nimelirekebisha. Ijumaa, jana, leo. Siku tatu. Nani amekosa kiatu? Anyooshe mguu."

Watu wakatazama miguu yao.

"Siku tatu si mwaka!" fundi bomba akapaza sauti. "Na tuonyeshe basi! Amwage viatu hapa katikati, mbwa avigawe, tuone!"

"Ndiyo, tuone, tuone!"

"Hamtaona," akasema Bi Pasi. "Huyu si sarakasi. Wewe fundi, ukija kwangu kuziba bomba nakuambia uniimbie kwanza? Ana kazi yake na mimi nina yangu. Tunaamka kabla yenu, tunatembea, tunarudi, tunafanya kazi. Mnataka kumtoa kwa sababu anasumbua. Alisumbua alipokuwa hana la kufanya. Nani hapa hasumbui akikosa la kufanya? Mimi nilipiga pasi gazeti! Mwulizeni binti yangu."

Kicheko kikazuka, kisha kikazimika chenyewe. Mwenyekiti alikuwa ameinamia karatasi zake.

"Tupige kura," akasema.

Wanaotaka mbwa aondoke: mikono tisa. Wanaotaka abaki: mikono minane. Binti wa Bi Pasi alikuwa hajanyoosha popote, na chumba kilikuwa kwa jina lake, kura yake. Bi Pasi hakumtazama. Hakutaka kura ya kuombwa. Alisikia tu kiti kikilia nyuma yake, na watu wakigeuka.

"Abaki," nesi akasema, mkono juu, macho chini. "Tisa."

Tisa kwa tisa. Mwenyekiti akatoa miwani, akaifuta, akaivaa. Hakumwangalia Bi Pasi.

"Kanuni ni kanuni," akasema kwa sauti ndogo. "Aondoke."

Mwenye ghala akainuka, mnyororo ukalia. Akapiga hatua tatu, akamkuta Bi Pasi amesimama mbele yake, kitambaa cha goti kikionekana chini ya gauni.

"Mama, kura imepigwa."

"Nimeisikia. Sasa naikataa." Akauchomoa mnyororo mkononi mwake kabla hajajua, akauzungusha kwenye kifundo cha mkono wake mwenyewe. "Haya, vuta. Ukimchukua huyu nichukue na mimi. Mimi pia ni mzee wa kufanya kazi aliyeambiwa akae. Nifunge langoni, nitakupigia pasi mifuko ya saruji!"

"Huyu mama vipi?" mwenye ghala akageuka kutafuta msaada. Hakuna aliyecheka. Fundi bomba alikuwa amesimama.

"Ngoja," ikasikika sauti.

Mwenyekiti alikuwa amesimama. Alikifungua kifungo cha shingoni, jambo ambalo jengo lile halikuwa limewahi kuliona.

"Kura yangu naibadilisha. Ile niliipiga kwa woga. Nilidhani mbwa akiondoka, hakuna atakayenifuata tena paani." Akageuka kumtafuta mkewe miongoni mwa watu. "Mama watoto, sina kazi. Miezi saba sasa. Kila siku naketi juu kwenye kibanda cha ndoo. Huyu mama aliniona Alhamisi. Nilitaka kumnunua kwa mbwa wake, akakataa. Angeweza kunimaliza leo kwa neno moja, naye hakulisema, hata nilipomgeuka."

Mkewe, mwanamke mfupi aliyekaa amekumbatia mkoba wake, akashusha pumzi ndefu.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua?"

"Mume wangu, viatu vyako navipaka dawa mimi. Mtu anayekwenda kazini soli zake huisha. Zako zina miezi saba hazijaisha. Nilikuwa nangoja useme."

"Kumbe ndiyo maana tunaanika nguo madirishani!" fundi bomba akalipuka, na hapo uani pakapasuka kwa kicheko, hata Mwenyekiti akajikuta anacheka na machozi yanamtoka, haijulikani lipi lilitangulia.

"Kumi kwa tisa," akasema alipoweza. "Mbwa abaki. Na paa liko wazi."

Mwenye ghala akasonya. "Watu wazima na akili zenu," akasema, akavaa kofia, akatoka langoni kwa hasira, akauacha mnyororo wake mkononi mwa Bi Pasi.

Bi Pasi akauzungusha ukatoka, akautazama. Ulikuwa mpya, mzito, wa gharama. Kitu cha mtu. Akaukunja vizuri, kona kwa kona kadiri chuma kinavyokubali, akamnusisha Posta.

"Rudisha."

Posta akauchukua. Ncha moja ikawa inaburuta chini nyuma yake, ikilia juu ya mawe. Akatoka langoni mbio, na ua mzima ukakimbilia langoni kutazama. Mwenye ghala alikuwa karibu na kona ya barabara. Walimwona akigeuka, akaruka kando, kisha akasimama mikono imelegea, huku mbwa akimwekea mnyororo juu ya viatu vyake na kukaa kitako kungojea.

"Sema asante!" fundi bomba akamfokea kutoka mbali. "Hatakuachia mpaka useme asante!"

Bi Pasi hakukimbilia langoni. Alibaki amesimama pale pale, akisugua kifundo cha mkono, na ndipo alipohisi kitu kidogo, cha baridi, kikiwekwa kiganjani mwake. Binti yake alikuwa kando, anatazama pengine. Ulikuwa ufunguo wa kabati.

"Jengo zima sasa linaanika paani," nesi akasema. "Watakuletea mashuka yao, najua. Lakini ukae kwenye kiti ukipiga."

"Nitasimama," akasema Bi Pasi.

"Mama."

"Nitasimama." Akaufumba mkono juu ya ufunguo. "Asante."

Na huko kwenye kona, mbwa akainua masikio. Akamwacha mwenye ghala na mnyororo wake, akaja mbio barabara nzima, manyoya yakipepea, kudai mkate wake.